Hatua Mbili Hadi Juani

Kwa miaka ishirini na sita Riungu alikuwa karani wa mvua. Kazi hiyo ipo, si utani. Kila siku saa tatu asubuhi alitoka ofisini, kwenye idara ya kilimo mjini Embu, akafungua mkebe uliosimikwa katikati ya majani, akamimina maji yaliyonyesha tangu jana kwenye chupa yenye mistari, akaandika. Pasipokuwa na maji aliandika sufuri, na sufuri hiyo aliiviringa vizuri kana kwamba itasomwa kanisani. Kisha alitazama juu na kuandika mawingu: ya aina gani, yametoka upande gani, yamefunika mbingu kiasi gani. Alipostaafu wenzake walimpa mwavuli mweusi wenye mpini wa mti, na ofisi nzima ikacheka, maana kumpa karani wa mvua mwavuli ni mzaha unaojileta wenyewe. Jioni ile mkewe Wawira alimkuta amekaa kitandani, ameufungua mwavuli ndani ya nyumba, anatazama juu ndani ya ule weusi, na akili yake iko mbali.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu mpole, mwema, mwenye adabu hata kupita kiasi, ila ungemtuma chumvi dukani angekurudishia habari za upinde wa mvua. Wawira, mwanamke wa Kanja aliyezoea kulima huku akipanga ya kesho, alikwisha kuacha kumgombeza. Walikaa mtaa wa Majimbo, Embu, nyumba ya vyumba viwili, na kama chumvi ilihitajika alijiendea mwenyewe.

Riungu aliachiwa kamera na padri mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Wawili hao walikuwa wakizungumza habari za mawingu, na yaonekana padri hakupata mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo hayo. Ilikuwa kamera ya kizamani, ya kuinamia na kuchungulia kwa juu, na filamu yake ilikuwa ya picha kumi na mbili. Haikuwa na kipimo cha mwanga. Badala yake, ndani ya kila kisanduku cha filamu mlikuwa na kikaratasi chenye vijipicha: jua kamili, jua lenye utando, wingu zito. Unatazama mbingu, unageuza kigurudumu kifuate kijipicha, unapiga. Riungu alipokisoma kikaratasi hicho moyo ulimruka. Katika Embu nzima ni nani aliyeweza kuisoma mbingu kumshinda yeye?

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, lakini hakujua bado.

Riungu alizaliwa Meru, upande wa Imenti, huko juu ambako ukungu huamka kabla ya watu. Ukoo wake na ukoo mmoja wa Mbeere walikuwa gichiaro. Zamani, kabla ya babu wa babu zao, wazee wa pande zote mbili walikula kiapo cha udugu, na kiapo hicho hakikuzeeka pamoja nao. Mtu wa gichiaro humdanganyi. Hugombani naye. Na akikuomba kitu unampa, hata akiomba shuka uliyojifunika. Kwa sababu hiyo mtu mwenye adabu huuchunga mdomo wake anapokuwa kwa gichiaro. Mamake Riungu alimfundisha mapema kwamba asimsifie mbuzi wa watu hao, maana atamkuta amefungwa kamba anamngoja mlangoni. Riungu alilishika fundisho hilo kwa mikono miwili. Alijizuia kuomba hata maji ya kunywa.

Gichiaro wake wa karibu alikuwa Njiru, mchuuzi wa mbuzi wa Kiritiri, mtu mnene mwenye sauti kubwa, ambaye kila alipoleta mbuzi Embu alipita Majimbo kunywa chai. Mwezi wa pili mwaka wa sabini na saba aliiona ile kamera mezani.

"Gichiaro," akasema, "mama yetu ni mzee na hajawahi kupigwa picha hata moja. Hata ya kitambulisho hana, si unajua wamama hawapewi. Kuja nyumbani na hiyo kitu yako."

Riungu akaenda.

Kiritiri mwezi wa pili ni jua tupu. Uwanja ulikuwa mweupe, mbuzi wamejibanza ukutani, na mashuke ya mtama yaliyoanikwa yalikuwa yakilia kwa ukavu. Mama Wanjira, mamake Njiru, alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba, amejifunga leso ya kahawia. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye macho yanayokukagua yakimaliza yacheke. Jua lilikuwa limefika hatua mbili mbele ya miguu yake na kukata mstari. Upande wake palikuwa na giza la kupoza macho. Upande wa pili mwanga ulikuwa wa kuumiza.

Riungu aliuona ule mstari. Hili lieleweke, maana baadaye alijidai kwamba hakuuona, na alijidai kwa nafsi yake tu. Alijua kabisa kwamba mama yafaa asogee hatua mbili, aje juani. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini mama alikuwa na miaka themanini hivi, magoti yamemvimba, tena alikuwa gichiaro. Angemwomba asimame, angesimama. Angemwomba atembee hadi Embu, angeitisha fimbo yake. Riungu akatazama jua, akatazama kivuli, akatazama jua tena, akalimeza neno lake. Kisha akatazama mahali alipozoea kutazama kwa miaka ishirini na sita, juu. Jua kamili. Akageuza kigurudumu kwenye jua kamili, akainama, akapiga.

Alipiga moja tu. Filamu ilikuwa na kumi na mbili, na kumi na moja zilizobaki alizipiga Kanja kwa wakwe zake. Zote zilikuwa mawingu.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Mbogo, mwenye studio karibu na soko la Embu. Ukutani mwa studio hiyo palichorwa maporomoko ya maji ambayo nusu ya watu wa wilaya walikwisha simama mbele yake. Mbogo alikuwa fundi hasa na alijua kwamba ni fundi. Siku za Jumanne, wateja wakiwa wachache, alimruhusu Riungu aingie naye chumba cha giza kuosha filamu. Waliiosha ile ya kwanza mwanzoni mwa mwezi wa tatu, na ilipokauka Mbogo aliishika mbele ya dirisha.

"Karani, hizi mawingu zako zimetoka kama za kalenda," akasema. "Lakini hii moja ni ya nini?"

"Ni ya mama."

"Mama ako wapi? Hapa hakuna mama. Hii negativu ni kioo."

Ilikuwa kweli. Kwenye filamu iliyooshwa kila kitu huwa kinyume: cheupe huonekana cheusi, na penye giza filamu hubaki wazi. Uwanja wa Kiritiri ulikuwa weusi mzito. Pale alipokuwa amekaa mama, filamu ilikuwa angavu kabisa, unaona soko la Embu na mtu anauza kabeji. Mwanga haukuwa umeingia wa kutosha kuacha alama.

Riungu aliikata negativu ile, akaifunga kwa karatasi na kuificha ndani ya daftari lake la zamani la mvua. Aliona haya mpaka masikioni; nyumbani alimwambia Wawira tu kwamba imeharibika. Akajipa moyo: mvua iko karibu, mbingu itafunikwa, kivuli na jua vitakuwa kitu kimoja, atarudi Kiritiri apige nyingine na hakuna atakayejua. Mvua ikaja katikati ya mwezi, kama alivyotabiri. Siku mbili tatu za kwanza alikaa mlangoni kuitazama, akaahirisha safari. Ilikuwa mvua nzuri.

Njiru alifika Majimbo mwanzoni mwa mwezi wa nne, na safari hii hakuwa na mbuzi. Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Mama alituacha Jumapili ya juzi," akasema kwa sauti ndogo ambayo Riungu hakujua kwamba mtu yule anayo. "Tulizika haraka, barabara zilikuwa zimekatika, hatukuweza kutuma mtu. Utatusamehe."

Wawira ndiye aliyemshika Njiru mkono na kumkalisha.

Chai ilipoisha Njiru aliuliza, "Ile picha, Gichiaro. Iko?"

"Iko," Riungu akasema.

"Mimi sina maneno mingi. Naomba uso wa mama. Jumamosi ya mwisho ya huu mwezi tunaweka msalaba, na wajukuu wanakuja, wengine hawakuwahi hata kumwona. Naomba wamwone."

"Nitaleta."

Njiru akavaa kofia, akaenda. Wawira alikusanya vikombe bila haraka.

"Baba Kathure," akasema, "si uliniambia ile picha iliharibika?"

"Ameuliza kama iko. Iko."

"Na huko ni kusema ukweli ama ni kujificha nyuma yake?"

Huko kwao Riungu watu huamini kwamba ukimdanganya gichiaro mwili wako wenyewe hukudai. Riungu alikuwa mzee wa kanisa na aliwahi kusema hadharani kwamba hayo ni mambo ya kale. Hata hivyo jioni ile alianza kujikuna. Alikuna mikono, akakuna shingo, akakuna mgongo kwa mpini wa mwavuli. Wawira alimtazama tu.

Jumanne iliyofuata alimfungulia Mbogo moyo wake wote. Mbogo alikuwa na majivuno, lakini hakuwa na roho mbaya. Alivua saa yake, akafunga mlango wa studio, akasema, "Haya. Tumtafute."

Chumba cha giza cha Mbogo kilikuwa na taa moja nyekundu na masinia matatu ya dawa. Nje ilikuwa saa nne asubuhi, watu wanabishania bei ya viazi, lakini humo ndani hapakuwa na saa. Mwanga mwekundu ulifanya kila kitu kiwe laini. Mikono ya Mbogo ilikwenda na kurudi kana kwamba iko chini ya maji, na sauti za soko zilisikika kwa mbali, kama zinatoka utotoni mwa mtu. Riungu alikipenda chumba kile kuliko alivyothubutu kumwambia mkewe. Humo ndani kuota mchana ilikuwa ndiyo kazi.

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Negativu iliyo wazi hupitisha mwanga mwingi, Mbogo akaeleza, na karatasi huungua. Wakapunguza sekunde. Ikatoka ya kijivu, majivu matupu, hujui wapi ni ukuta na wapi ni mtu. Mbogo akachukua karatasi ngumu, ile inayotenga cheupe na cheusi bila huruma. Ikawa afadhali kidogo: ukuta ulionekana, na mbele yake kitu cheusi kilichoketi. Kisha akakata kipande cha kadibodi ukubwa wa sarafu, akakichomeka kwenye waya, akamwonyesha Riungu namna ya kukipeperusha katikati ya mwanga ili kivuli chake kiangukie pale penye uso tu. Mkono usitulie hata kidogo, ukitulia utaacha alama. Penye kivuli karatasi haitaungua, na kama uso upo utapata nafasi ya kutokea.

"Unamfunika ili aonekane?" Riungu akauliza.

"Ndiyo hivyo. Hii kazi iko kinyume, karani. Utaizoea."

Akafanya hivyo Jumanne ile, akarudi Jumanne mbili zilizofuata. Kila karatasi alipoizamisha kwenye sinia la kwanza aliinama na kungoja. Kuna wakati, katika zile sekunde ambapo karatasi bado ni nyeupe na dawa inacheza juu yake, alimwona Mama Wanjira waziwazi. Alikuwa amelala chini ya maji mekundu, anamkagua, anakaribia kucheka. Halafu weusi ukaja kutoka pembeni na kumfunika, na Riungu akabaki ameshika karatasi yenye kivuli. Ilimuuma kila mara upya. Alikuwa akimzika mara nyingi kuliko wanawe.

Mara ya tisa ulitokea mkono.

Mwanzoni alidhani ni doa la dawa. Halafu vidole vikajipanga. Chini ya picha, pembeni mwa kile kivuli kilichoketi, kiganja kimoja kilikuwa kimetoka nje ya upenu hadi penye jua. Kilikuwa kimekandamiza ukingo wa kigoda, mishipa imesimama, kidole cha mwisho kimepinda. Mkono mzuri, mkavu, umetoka wote bila kasoro. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mbogo aliutazama kwa muda mrefu. "Hiyo ndiyo utapata," akasema. "Mwanga ambao haukuingia hatuwezi kuubembeleza. Lakini nisikilize. Nina penseli." Akatoa kijisanduku cha penseli zilizochongwa nyembamba mno. "Watu hufumba macho kwa picha, mimi huwafumbua. Kuna bwana harusi hapa Runyenjes nilimpa jicho zima. Huyu mama si ana msichana?"

"Rwamba. Wanafanana."

"Leta huyo Rwamba asimame hapo nje, nipige uso wake, niuzeeshe, niuweke hapa juu ya huo mkono. Hata Mungu atauliza mara mbili."

Riungu alitamani. Lazima isemwe kwamba alitamani sana. Aliiona Jumamosi ya mwisho wa mwezi, aliwaona wajukuu wamezunguka, Njiru akilia kwa furaha. Na hakuna ambaye angejua isipokuwa yeye na Mbogo na ngozi yake mwenyewe. Alikuna shingo.

"Ameniomba uso wa mamake," akasema. "Hakuniomba uso wa mwingine."

Mbogo akafunga kijisanduku. "Basi nenda na mkono," akasema, na kwa mara ya kwanza hakumwita karani.

Alikwenda Ijumaa, siku moja kabla ya kuwekwa msalaba, ili aibu imkute kabla wageni hawajafika. Alichukua picha ya mkono, ile negativu ndani ya karatasi yake, kamera kwa mazoea tu, na mwavuli kwa sababu mbingu ya Mbeere ilikuwa na mawingu ya kutosha kuaminika. Lakini alipofika Kiritiri jua lilikuwa limetoka baina ya mvua mbili. Uwanja ulikuwa umeota majani. Kigoda kilikuwa palepale chini ya upenu na hakuna aliyekikalia.

Njiru na dada yake Rwamba walimkaribisha kwa uji wa mtama. Rwamba alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho ya mamake. Waliketi upenuni, wote kwenye mkeka, na Riungu hakugusa uji.

"Gichiaro," akaanza, "uliniuliza kama picha iko nikasema iko. Sikusema ikoje. Nilikuficha. Mama yenu alikuwa kivulini, mimi nikapima jua. Uso haukutoka. Nimejaribu na fundi wiki tatu, na hii ndiyo niliyopata."

Akampa ile picha. Njiru aliishika kwa vidole vyake vinene, akaitazama, na uso wake ukaanza kukunjamana. Gichiaro hagombani na gichiaro, ila ilionekana kwamba Njiru anapigana na jambo hilo. Rwamba akanyoosha mkono akaichukua.

"Ni yeye," akasema. "Hiki kidole kilivunjwa na mchi kabla sijazaliwa." Akakigusa. Kisha akamtazama Riungu kwa namna mpya. "Hapa alikuwa anataka kusimama."

"Kusimama?"

"Mimi nilikuwa huko jikoni, namwona. Ulitazama jua, ukatazama kivuli, ukatazama jua tena. Mama si mjinga. Akajua unataka atoke. Akaweka mkono kwa kigoda, tayari, anangoja tu useme. Halafu ukapiga." Rwamba akatabasamu, na macho yalikuwa yamejaa. "Jioni alicheka sana. Alisema, huyu gichiaro wetu anaogopa kuomba hatua mbili, sasa ataomba nini maishani?"

Riungu aliuangalia ule mkono. Tangu ulipotokea alikuwa ameuona kama salio, kitu kilichonusurika. Kumbe ulikuwa jibu, na lilikuwa limetolewa kabla hajauliza. Mama yule alikuwa tayari kumpa. Machozi yalimtoka Riungu mbele ya watu, na hakuyaficha kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuyaficha.

"Na uso?" Njiru akauliza baadaye, kwa upole. "Hakuna hata kidogo?"

Riungu akatoa negativu kwenye karatasi. "Ulipaswa kuwa hapa. Fundi anasema ni kioo."

Njiru aliiinua kwenye mwanga kama watu wote wanavyofanya. Akaona mbingu na tawi la mti. Akatikisa kichwa, akampa dadake. Rwamba naye akaiinua, akaona mbingu. Akaishusha kwa unyonge, na mkono wake ukashukia juu ya mwavuli wa Riungu uliolala kwenye mkeka baina yao, umekunjwa, mweusi, bado na unyevu wa njiani. Negativu ikawa imeinama kidogo juu ya kile kitambaa. Mwanga wa uwanjani uliingia chini ya upenu kwa ubavu na kuipapasa.

Rwamba aliinama, akaleta macho karibu.

"Njiru," akasema mwishowe. "Kuja polepole. Usizibe mwanga."

Juu ya weusi wa mwavuli, pale ambapo filamu ilikuwa wazi na tupu, alikuwepo Mama Wanjira. Alikuwa hafifu, wa rangi ya fedha na maziwa, mdogo kiasi cha kutosha kwenye kiganja. Zile chembe chache za mwanga zilizoingia, ambazo karatasi ya Mbogo haikuweza kuzihesabu, zilikuwa zimelala humo siku zote zikingoja kitu cheusi nyuma yao. Picha ilikuwa imejigeuza yenyewe. Leso ilikuwa giza, shavu lilikuwa jeupe, na macho yalikuwa yakimkagua mtu aliyesimama juani na kamera, yakikaribia kucheka. Ukiinua filamu, anaondoka. Ukiirudisha juu ya weusi, anarudi. Wote watatu waliinama juu yake vichwa vikigusana. Kama mwanga ungeingia mwingi zaidi ya ule, asingeonekana hivi.

Walikaa hivyo muda mrefu. Mbuzi alikuja akanywa uji wa Riungu na hakuna aliyemfukuza.

"Gichiaro," Njiru akasema, sauti yake kubwa ikianza kurudi, "naomba huo mwavuli."

Hakusitasita, wala hakutanguliza maneno ya kuzunguka. Aliuomba kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na Riungu, aliyepewa mwavuli ule kwa miaka ishirini na sita ya kazi, alihisi kitu kikimfunguka kifuani. Kumbe kuombwa hivi hakuumi. Kumbe ni kama kuitwa kwa jina la nyumbani. Akauchukua, akaufungua mwenyewe, akamwonyesha mahali ambapo kitambaa kilikuwa cheusi zaidi. Njiru akaleta wembe. Wakakata kipande cha mraba, wakakilaza kwenye fremu iliyokuwa na cheti cha ubatizo cha Rwamba, wakaiweka negativu juu yake na kioo juu ya yote. Kesho wajukuu wangepanga mstari chini ya upenu, mmoja mmoja, na kila mmoja angefundishwa namna ya kuiinamisha fremu ili bibi yake aje.

Jua lilikuwa bado lipo. Upande wa Meru mawingu yalikuwa yamekwisha kujijenga, na Riungu alijua bila kutazama kwamba wana nusu saa. Akachukua kamera. Filamu ilikuwa mpya.

Rwamba alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mamake, fremu mapajani, na Njiru amechuchumaa kando yake. Mstari wa jua ulipita hatua mbili mbele ya miguu yao. Riungu akatazama jua, akatazama kivuli. Rwamba alimwona. Akaweka kiganja kwenye ukingo wa kigoda, akaegemea mbele, akangoja.

"Naomba msogee," Riungu akasema. "Hatua mbili tu, mje juani."

Wakainuka kabla hajamaliza. Akawatazama nyusoni mpaka alipoona kila kitu, ndipo akageuza kigurudumu, na juu hakutazama hata mara moja.